Aspirini ya presha ya mimba: usiiache

Dada, unasema mimba ni ya wiki 14, ile ya kwanza presha ilipanda ukajifungua mapema, na sasa mama mkwe anataka uache aspirini uliyoandikiwa kliniki kwa kuwa "inafanya damu iwe nyepesi". Tafadhali usiiache. Huu ndio wakati wake hasa, kondo la nyuma likiwa bado linajijenga. Ukianza baada ya wiki 20, faida hupungua.

Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 uliwapa wajawazito walio hatarini miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36. Kati yao, waliopata priklampsia (presha hatari ya mimba) kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 1.6; kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, asilimia 4.3. Vidonge vyetu vingi ni vya miligramu 75, kwa hiyo soma kijitabu chako cha kliniki: umeandikiwa kimoja au viwili? Zile za 300 za kutuliza maumivu si mbadala. Kama una vidonda vya tumbo, au pumu inayochochewa na aspirini, mwambie daktari kwanza.

Ukipima presha nyumbani, kojoa kwanza, keti dakika 5 umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo wa kipimo kwa mkono mnene hudanganya, husoma juu. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudi kliniki siku hiyohiyo. 160/110 au zaidi, kichwa kuuma bila kuachilia, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia: kutoka Kayole, nenda hospitali ya Mama Lucy usiku huohuo, usingoje kupambazuke.