Mhusika mwandishi aliyefiwa: shida si kilio chake, ni wema wake

Mkuu, umesema mhusika wako mkuu ni mwandishi mwenye huruma aliyefiwa na mkewe, na kwamba kuanzia sura ya 4 analia tu, hadithi haisogei. Kulia mwache alie. Kinachokukwamisha ni wema. Mtu anayemwelewa kila mtu hagombani na yeyote, na pasipo mgogoro hakuna riwaya.

Ukiwa ndiye mwandishi wa ukoo, msiba ukitokea unakabidhiwa kalamu. Alipofariki kaka yangu, turubai halijasimama vizuri nami nimeshaambiwa niandae wasifu wa marehemu. Nikakaa na shangazi anisimulie utoto wa kaka. Analia, nami nalia, ila kuna sentensi aliitamka nikaanza kuikariri moyoni isinipotee. Wala haikuwa ya wasifu. Nilishajua itaingia kwenye hadithi. (Waandishi ni wezi, hata msibani.)

Kisha ikaja kazi ya kuchuja. Mjane hakutaka mtoto wa nje ya ndoa atajwe. Mama wa mtoto naye alikuwa amekaa nyuma kabisa na mwanawe, anasubiri jina lisomwe. Wote wawili niliwahurumia kweli, lakini karatasi ni moja, na inasomwa mbele ya watu. Mhusika wako mweke hapo, aamue yeye, na atakayeumia asimsamehe upesi.

Jambo la pili: anamwandikia nani? Shaaban Robert alimwomboleza mkewe Amina kwa shairi, lakini ana pia Utenzi wa Hati, anaomuusia binti yake. Mfiwa mwenye mtu wa kumsemesha anaandikika kirahisi kuliko anayejisemesha mwenyewe.

Na kama bado hujafika mbali, fikiria kumfanya mwanamke, Mwislamu wa Pwani. Eda, yaani kipindi cha mjane kukaa ndani baada ya kufiwa na mumewe, itakupa muda wa riwaya nzima: miezi 4 na siku 10, hatoki bila dharura, ila mlango uko wazi kwa wageni. Kila anayekuja kumpa pole anaishia kumsimulia msiba wake mwenyewe. Anasikiliza, anawafariji, na usiku anaandika yote. Huna haja ya kumsafirisha popote. Ila hilo daftari usilifiche hadi mwisho wa kitabu kama wengi wanavyofanya. Wifi yake alikute mapema, tena asome ukurasa unaomhusu yeye.