Alama juu ya picha: kalamu aishike nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa Kidato cha Tatu katika shule ya kata mkoani Iringa. Ninacho kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022, na shule ina kompyuta mpakato moja na projekta. Kwa mada ya usomaji wa picha, huwa nachora mishale na kuandika majina juu ya picha nikiwa nyumbani, kisha naionyesha ukutani. Wanafunzi wangu 58 wananakili kila kitu, lakini nikiwapa picha ngeni katika jaribio wanaduwaa. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, vifaa vyako vinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba kazi ya kutazama unaimaliza nyumbani peke yako, na darasani yanabaki majibu ya kunakili tu. Anayeshika kalamu ndiye anayelazimika kuamua kitu kinaanzia wapi, kinaishia wapi na kinaitwaje, kwa hiyo kalamu hiyo mpe mwanafunzi.

Chukua picha ya Ol Doinyo Lengai, ile volkano iliyo kusini mwa Ziwa Natron, iliyopigwa wakati kilele chake kimekuwa cheupe. Ionyeshe bila alama hata moja. Kila mmoja achore fremu daftarini, aigawe sehemu tisa kama mlivyozoea, yaani mbele, kati na nyuma kwa kushoto, katikati na kulia, na aandike anachokiona kabla hujamwita yeyote kwenye kompyuta. Katika PowerPoint, slaidi zikiwa zinaonyeshwa, ukibonyeza Ctrl pamoja na P mshale hugeuka kalamu, na mkimaliza programu itakuuliza kama uzihifadhi alama zilizochorwa.

Kubalianeni rangi mbili: bluu kwa kile ambacho jicho linakiona, nyekundu kwa kile ambacho akili inakikisia. Sitashangaa mwanafunzi akizungushia kilele na kuandika “theluji” kwa bluu. Usimsahihishe. Waulize wenzake kama jicho limeona theluji au limeona weupe, na wakishakubaliana, neno hilo lifutwe na kuandikwa upya kwa nyekundu. Hapo ndipo wapime dhana yenyewe: mlima huu una mita 2,962 tu, karibu nusu ya Kilimanjaro wenye mita 5,895, na uko jirani na ikweta. Mwisho kabisa ndipo uwaeleze kwamba lava yake, yenye kaboneti nyingi ya sodiamu, hutoka ikiwa nyeusi au ya kahawia na hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Mwanafunzi aliyehamisha neno lake kutoka bluu kwenda nyekundu atakuwa na swali la kuiuliza picha yoyote utakayomletea katika jaribio.

Jina liandikwe palepale kwenye kitu chenyewe, si namba yenye ufunguo pembeni. Mwanasaikolojia wa Marekani Richard Mayer ameonyesha kwa majaribio kwamba wanafunzi hujifunza vizuri zaidi maneno yanapokuwa karibu na sehemu ya picha yanayoihusu. Nakala isiyo na alama itunze; utaihitaji kwa mkondo mwingine.

Kwa video mambo ni yaleyale. Kipande cha dakika mbili kinatosha kipindi kizima cha dakika 40, mkikitazama kwanza bila sauti na kukisimamisha kila mwanafunzi anaponyoosha mkono.

SWALI: Zamani nilikuwa nikiweka visanduku vya maelezo na maswali juu ya video zangu za YouTube. Sasa sivioni. Vimekwenda wapi? (Mkufunzi, Mombasa)

JIBU: Vimefutwa, na havitarudi. YouTube ilifunga uwezo wa kuongeza visanduku hivyo Mei 2017, na Januari 2019 ikaviondoa hata vilivyokuwapo. Kwa maswali, jaribu H5P, programu huria inayofanya kazi pia ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni: husimamisha video katika sekunde uliyoichagua na kumtaka mwanafunzi ajibu kabla ya kuendelea. Safari hii, lakini, maswali yako yaandike kwanza katika faili la kawaida, kila moja na dakika na sekunde zake, ndipo uyapandishe popote unapotaka.