Kabla hujafukia bomba la shaba ukutani

AC ya chumba cha mama ilikuwa inapoza miezi michache, halafu inaanza kutoa upepo wa kawaida. Fundi anakuja, anaongeza gesi, analipwa, anaondoka. Mara ya kwanza niliona ni mambo ya mashine. Mara ya tatu nikamwita fundi mwingine, mzee mtaratibu, ambaye hata mtungi wake hakuushusha kwanza. Aliuliza tu, "Dada, mabomba yamepita wapi?" Nikamwonyesha ukuta uliopigwa plasta na rangi safi. Akasema, "Gesi ya AC hailiwi na mashine. Ikipungua, imetoka mahali."

Tukatindua karibu mita mbili. Ile sponji nyeusi inayovishwa bomba ilikuwa imeachana kwenye maungio, na kipande cha shaba cha upana wa kiganja kilikuwa wazi, kimegusana na plasta. Ukuta wa hapo ulikuwa na unyevu. Shaba ilikuwa imefunikwa na utando wa kijani, laini kama chokaa iliyolowa. Mzee akaufuta kwa kitambaa, akapaka povu la sabuni, tukasubiri. Kikatokea kipovu kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kikapasuka, kikaja kingine. Tundu lenyewe sikuliona kwa macho.

Nyumba iko Kigamboni, pwani ya Dar es Salaam, na mchanga wa plasta niliununua kwa sababu ulikuwa rahisi, sikuuliza umechimbwa wapi. Ulikuwa na chumvi.

Wengi wanaamini saruji ndiyo inayokula shaba. Saruji safi ikishakauka, shaba huivumilia miaka mingi. Kinachoiua ni unyevu ukikutana na chumvi, amonia au asidi. Bomba nene la AC, lile linalorudisha gesi kwenye mashine ya nje, huwa la baridi. Lisipovishwa vizuri hutoa jasho muda wote mashine inapofanya kazi, jasho linayeyusha chumvi iliyo kwenye plasta, na kazi ya kutoboa inaanza. Kwangu vyote viwili vilikutana mahali pamoja: mchanga wa chumvi na sponji iliyoachana. Kimoja kingekosekana, pengine ukuta ule usingebomolewa.

Amonia ni adui anayesahaulika kabisa. Inatoka kwenye mkojo, samadi, kinyesi cha kuku na maji ya karo. Kwa hiyo usipitishe shaba karibu na karo, wala kwenye bustani inayotiwa mbolea, wala chini ya banda la kuku. Na simamia vijana wa saiti wasigeuze pembe ya chumba kuwa choo wakati mabomba yapo wazi. Nati za brasi, zile zinazounganisha bomba na mashine, ndizo zinazoumia zaidi, maana amonia huzipasua zikiwa zimekazwa.

Kuna na silikoni. Ile inayonuka siki unapoipaka inatoa asidi ileile ya siki wakati inakauka, na asidi hiyo inachimba shaba njia nyembamba kama za sisimizi, zisizoonekana kwa nje. Kuziba tundu la ukutani lilipopita bomba, tafuta silikoni isiyo na harufu hiyo.

Niliporudia kazi nilitumia roli zima la mita 15, bila kiungo hata kimoja ndani ya ukuta. Kama kiungo hakikwepeki, kiwe mahali panapofunguka. Bomba lilivishwa sponji mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, maungio ya sponji yakapakwa gundi kisha tepu, halafu lote likaingizwa ndani ya bomba la plastiki pana, ndipo plasta ikaja juu. Plasta haigusi shaba popote. Tulilishikia kwa vibanio vya plastiki, kwa sababu waya wa kufungia nondo ukigusa shaba penye unyevu, waya ndio unaooza upesi na bomba linabaki linaning'inia. Na mchanga safari hii nilitaka wa mtoni; nikachukua gao moja, nikalikoroga kwenye glasi ya maji safi, nikaacha yatulie, nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

Bomba la maji ya moto nalo linataka plastiki pana ya kupitia, kwa sababu nyingine. Mita 10 za shaba, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 7. Likiwa limebanwa na zege, litasuguana nalo kila siku.

Bomba la gesi ya jikoni nalizungumzia kwa uzito zaidi. Watu wanaweka mtungi nje na kupitisha shaba chini ya jamvi la zege hadi kwenye jiko. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chini ya sakafu haipandi ikanukia mapema, inatanda chini na kusubiri cheche. Kama una njia ya kulipitisha nje ya ukuta, linaonekana, tafadhali fanya hivyo hata kama halipendezi. Ukilazimika kulizika, liwe bomba moja lisilo na kiungo ndani ya plastiki pana, mwisho wa ndani uzibwe, mwisho wa nje uachwe wazi ili gesi ikivuja itokee uani. Kazi hiyo mpe fundi wa gesi, asiwe fundi maji.

Kisha pima kabla ya plasta. Mafundi watakuharakisha, wakatalie. Sisi tulijaza naitrojeni kwenye mabomba ya AC kwa presha iliyopendekezwa na waliotengeneza mashine, tukafunga, tukaacha saa 24. Soma geji saa ileile uliyoisoma jana, kwa sababu jua la mchana hupandisha mshale na baridi ya alfajiri huushusha, mkaanza kubishana bure. Mshale wetu ulikuwa palepale. Mzee akapaka povu kwenye nati za mwisho, akaangalia kwa tochi muda mrefu, akasema waje wa plasta.

Kabla hawajaanza niliegemeza futikamba ukutani na kupiga picha kila mita. Mwezi uliopita kijana aliyekuja kufunga televisheni ya mama alitaka kutoboa sentimita chache tu kutoka pale. Nikafungua simu, nikamwonyesha, akahamisha drili upande wa dirishani.