Ngoma zililegea siku tuliyomzika

Tulimzika mzee wetu mwezi wa nne, kijijini mbele kidogo ya Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, baada ya mvua ya usiku kucha. Kikundi kizima tulikubaliana kumsindikiza kwa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, maana ndiyo ngoma aliyoipiga tangu ujana wake. Vijana wakajipanga na majembe yao, mpigaji akanyanyua fimbo, akapiga. Ikatoka sauti kama ya ndoo iliyofunikwa blanketi. Akapiga tena, ni ile ile. Ngozi zilikuwa zimenyonya unyevu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwasha moto.

Kwa miaka 14 niliyocheza kwenye kikundi kile sikuwahi kukutana na ngoma iliyolegea. Mzee wetu alikuwa anatangulia kufika. Anakusanya nyasi kavu na vipande vya maboksi, anawasha moto mdogo, anazipasha ngoma moja baada ya nyingine. Anagonga ngozi kwa kidole cha kati, anainamisha sikio, anasema, "Bado." Anairudisha motoni. Sisi tukishuka kwenye Hiace tunazikuta zimekaza, tunacheza, tunashangiliwa, tunarudi mjini. Hakuwahi kudai hata shilingi.

Familia yake isingependa jina lake lisambae mtandaoni, kwa hiyo nitamwita babu, kama tulivyomwita wote. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa vikundi vya ngoma ambao wamempoteza mtu wa namna hii. Zaidi ya hao, naandika kwa wale ambao bado wanaye.

Kabla hamjachangishana fulana zenye picha yake, kaeni chini mwandike kazi alizokuwa akizifanya. Zote. Sisi tulikaa chini ya mwembe wiki moja baada ya kuanua matanga, nami nilidhani nusu ukurasa utatosha. Mtoto wa darasa la tano akasema babu ndiye aliyempa nauli ya kurudi Igoma kila Jumamosi. Mama anayetupikia uji akasema kuni zilikuwa zinatoka kwake. Mwingine akakumbuka mikanda ya njuga: kila ngozi ilipokatika, babu aliichukua Jumamosi na kuirudisha Jumamosi nyingine imeshonwa. Tulijaza kurasa tatu za daftari. Halafu mbele ya kila kazi tukaandika jina la mtu atakayeirithi, na mwenye jina akasimama akakubali mbele ya wenzake.

Suala la nyimbo ndilo linaloniuma zaidi. Babu alikuwa manju, anatunga na kuongoza, na Kisukuma chake kilikuwa cha ndani, chenye maneno ya shamba na ng'ombe ambayo sisi wa mjini, wa Nyakato na Mabatini, hatuyatumii tena. Tulipopekua simu zetu tulikuta video nyingi sana. Karibu zote ni za harusi na sherehe, MC anaongea juu ya sauti yake, kamera inafuata majembe yanayorushwa hewani. Rekodi inayosikika vizuri ni moja tu. Aliichukua mjukuu wake wa kike siku babu alipokuwa anapukuchua mahindi, anaimba taratibu peke yake, na punje zinasikika zikidondoka kwenye beseni. Kwa rekodi hiyo tuligundua kuwa kuna beti mbili tumekuwa tukiziimba kimakosa miaka yote.

Kwa hiyo kama mzee wenu yupo, mfuateni nyumbani, msingoje siku ya onyesho. Aimbe bila ngoma. Kisha ayataje maneno polepole bila kuimba, ayafafanue. Muulizeni nani aliutunga wimbo, ulitungwa wakati gani, na unamchoma nani. Hilo la mwisho msiliache. Bagika na Bagalu, makundi mawili pinzani ya ngoma za Kisukuma, wamekuwa wakishindana na kurushiana mafumbo tangu karne ya 19, na wimbo ambao hujui umemlenga nani unakuwa umeushika nusu. Wekeni nakala kwenye simu mbili na kwenye flashi, kwa watu wawili tofauti.

Kuhusu ngoma yake, tulikosea na nakiri. Tulikwenda kuiulizia wiki ile ile ya msiba, bibi bado hajapata hata usingizi. Familia ikaona tumefuata mali. Vikao viwili viliharibika, mpaka mjomba mmoja akauliza: ngozi ilinunuliwa na nani? Kimya. Bibi ndiye aliyejibu kwamba babu aliuza mbuzi wake akanunua ngozi na kumlipa fundi. Basi ngoma ni ya kwao, na wametuazima kwa wema wao. Andikeni mapema kifaa kipi ni cha kikundi na kipi ni cha mtu, wenyewe wakiwa hai. Na ikibaki kwenu msiitundike ukutani kama picha, maana ngozi isiyopigwa huliwa na wadudu na panya.

Siku ya kumbukumbu tulitaka kuifanya kubwa: turubai, spika, mgeni rasmi. Mzee mmoja wa Bagalu alituzuia. Babu alikuwa Mgika, mpinzani wake wa miaka mingi, lakini yeye ndiye aliyetuambia tusubiri mavuno yaishe, tufanye mwezi wa sita, majira ambayo kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wanacheza Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma. Tulimsikiliza. Tukawaalika watu wake waje tushindane uwanjani kwa babu kwa utaratibu wa kule kule: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na watu wanasogea kwa wanaowavutia. Chakula kilikuwa ugali, maharage na dagaa, basi.

Walitushinda. Umati ulihama wote upande wao, tukabaki na watoto na mbwa wa jirani. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akasema mzee angetutungia wimbo wa kutusema mwaka mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mwezi wa nne.

Ngoma siku hiyo zilikaza. Binti wa miaka 16 ndiye aliyechukua kazi ya moto, anafika kabla ya wote, na anatunyima ngoma mpaka aridhike nazo.

Daftari ninalo mimi. Kazi nyingi zimepata wenyewe. Mstari wa nauli ya watoto bado hauna jina. Kila Jumamosi tunachanga papo hapo, na wiki iliyopita hela haikutosha, wawili wakarudi Igoma kwa miguu.