Kesi ya ugaidi huanzia kwenye saa: kwa mawakili wapya wa Tanga

Wadogo zangu mnaoanza uwakili hapa Tanga, ipo siku mama mtu mzima ataingia ofisini kwenu, kachoka kwa kuzunguka vituo vya polisi, aseme mwanawe kachukuliwa juzi usiku na hajui yuko wapi. Mkiuliza kosa, atalitaja kwa kunong'ona: ugaidi. Neno hilo hukimbiza watu. Majirani wanaacha kubisha hodi, na hata mawakili wenzenu watawashauri muiache hiyo kesi. Msiiache.

Ya kwanza kwangu niliianza vibaya. Nilikesha na Katiba. Niliandika hoja za Ibara ya 13 juu ya mtu kutohesabiwa mkosaji kabla ya hukumu, ya 15 juu ya uhuru wa mtu, ya 30 juu ya mipaka ya haki. Asubuhi hakimu alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikumbusha kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri lile wala kutoa dhamana. Upelelezi haujakamilika, shauri likaahirishwa kwa siku 14, mteja akarudi gereza la Maweni. Hoja zilikuwa za kweli, ila si pale mahali pake. Na katika kukesha kote kule sikumuuliza mteja swali dogo ambalo lilikuja kututesa baadaye: ulikamatwa saa ngapi?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Zinaweza kuongezwa, zisizidi 8 zaidi, tena kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha, tuseme kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, hauhesabiwi. Kabla ya kuandika maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, aelezwe kosa analotuhumiwa na haki zake, ikiwemo ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kosa kuitwa ugaidi hakufuti masharti haya. Kwa hiyo kila dakika tangu pingu zilipofungwa ina maana, na mnapaswa kuitafuta: kwenye daftari la mahabusu, kwenye hati ya maelezo yenyewe, kwenye midomo ya waliokuwepo nyumbani. Nimewahi kuwa na kesi ambayo hati ilionyesha kijana kakamatwa saa 10 jioni. Mamake alikuwa ameshawapigia jamaa zake kabla ya adhana ya alfajiri ya siku ileile, na kumbukumbu za simu zikamuunga mkono. Tukaweka pingamizi, ikafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, na maelezo yale hayakupokelewa.

Sasa msinielewe kwamba dola haina hoja. Agosti 7, 1998 watu 11 waliuawa kwa bomu kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na siku hiyohiyo Nairobi wakafa zaidi ya 200. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ilikuja baada ya hapo, na baada ya Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la mwaka 2001 lililozitaka nchi zote zitunge sheria za namna hiyo. Hapa kwetu Februari 2015 vyombo vya ulinzi vilipambana na watu wenye silaha kwenye eneo la mapango ya Amboni, na mwanajeshi mmoja akauawa. Wakili anayesimama kortini Tanga kana kwamba hofu hiyo ni ya kutungwa hatasikilizwa, wala hastahili.

Ndiyo maana nawaomba muisome tafsiri ya kitendo cha ugaidi mpaka mwisho, maana wengi huishia katikati. Ni pana, lakini ndani yake mna kinga: kuvuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo si ugaidi, maadamu haikukusudiwa kuleta madhara ambayo sheria imeyataja. Mstari huo mmoja unaweza kumtenganisha mteja wenu na miaka mingi ya gereza.

Kuhusu dhamana, mjue mlipo. Katika kesi ya Daudi Pete Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayominya haki isiwe ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika. Hicho ndicho kipimo, na mimi nakipenda sana. Lakini Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, mahakama hiyohiyo ilikataa kukifuta kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama haya. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro mambo yalikwenda vingine: Februari 2015, mwezi uleule wa Amboni, Mahakama Kuu ya Kenya ilivifuta vifungu 8 vya sheria yao mpya ya usalama. Kwetu mtuhumiwa anasubiri ndani. Masheikhe wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa mwaka 2014 walitoka Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kuondoa mashtaka. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Julai 2021, akatoka Machi 4, 2022, kwa njia hiyohiyo. Hakuna kati yao aliyetiwa hatiani kwa mashtaka hayo, na hakuna mahakama iliyomaliza kuyapima. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Basi mama yule akija, msianze kuandika maombi. Fuataneni naye kituoni siku hiyohiyo. Mwamkieni mkuu wa kituo kwa heshima, ulizeni kijana yuko wapi, ombeni kuonana naye. Andikeni saa mliyofika, cheo cha aliyewapokea na jibu mlilopewa, hata jibu likiwa kwamba hapa hayupo.