Begi la anayekwenda kuuguza Dar

Swali lenu la wiki hii ni hili: kabla ya kusafiri kwenda mji mwingine, unafungasha nini na unajiandaa vipi? Najua watu watataja powabenki, manukato na nguo za kupigia picha, na sina ugomvi nao. Mimi nitajibu kwa safari ambayo huku kwetu Njombe karibu kila ukoo umewahi kuifanya na hakuna aliyeiombea likizo: kumpeleka mgonjwa wa rufaa Dar es Salaam.

Safari hii haikupi muda. Daktari anaandika barua leo, jioni ndugu wanakaa kikao, michango inapitishwa, kesho kutwa saa 11 alfajiri mko stendi. Katika haraka hiyo nimeona watu wakijaza nguo kwenye shangazi kaja mpaka zipu inagoma, wakati barua ya rufaa imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti la mjomba, na mjomba mwenyewe hasafiri.

Kwa hiyo naanza na karatasi, nguo zitasubiri. Barua ya rufaa isomwe kwa makini kabla ya kukata tiketi, kwa sababu ndiyo inayosema mnakwenda hospitali gani na kliniki ya siku gani. Sisi wa mikoani tunasema "Muhimbili" kwa kila kitu. Muhimbili ziko mbili: ya Upanga, na ya Mloganzila ambayo iko upande wa Kibamba, zaidi ya kilomita 20 kutoka Upanga. Basi la kutoka huku linaupita upande wa Mloganzila kabla halijafika stendi ya Magufuli pale Mbezi. Asiyejua atashuka Mbezi, ataingia mjini na mgonjwa wake, atapambana na foleni yote ya barabara ya Morogoro, kisha getini ataambiwa arudi alikotoka. Na hata Upanga penyewe, ndani ya eneo hilohilo kuna MOI ya mifupa na mishipa ya fahamu, na kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ocean Road ya saratani iko kwingine, kando ya bahari. Kila moja inajitegemea na ina mapokezi yake. Mwambie dereva jina kamili lililoandikwa kwenye barua, usimwambie "hospitali kubwa".

Angalieni majina pia. Kwenye barua bibi ameandikwa jina la ubatizo na jina la mumewe, kwenye kadi ya bima kuna jina la baba yake, kwenye kitambulisho cha NIDA herufi moja imeruka. Hilo lirekebishwe hapahapa, kwenye hospitali iliyoandika barua, siku ileile. Kuligundua dirishani Dar, na foleni iko nyuma yako, ni adhabu. Mtoto aende na cheti cha kuzaliwa.

Picha za eksirei zisikunjwe. Ziwekeni katikati ya vipande viwili vya boksi, mfunge kwa uzi, zikae na nyinyi ndani ya basi, zisiende kwenye buti zikalaliwa na magunia ya viazi. Mkipewa picha kwenye CD, ombeni na ripoti yake iliyoandikwa. Kwa anayekwenda Ocean Road, karatasi yenye uzito kuliko zote ni majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe kikapelekwa kupimwa. Matibabu ya saratani yanategemea aina yake, na aina inajulikana maabara, hivyo ukienda bila majibu hayo jiandae kuanza na vipimo upya, na siku za kukaa mjini kuongezeka. Karatasi zote zikae kwenye ile bahasha ya plastiki yenye kifungo wanayotumia wanafunzi, kila ukurasa upigwe picha, na picha ziwe kwenye simu mbili: ya anayesafiri na ya anayebaki.

Dawa anazotumia mgonjwa zibebwe na maboksi yake. Daktari akiuliza unameza nini, jibu la "vile vyeupe vya asubuhi na kile cha njano cha usiku" halimsaidii mtu. Msidharau wala kuficha dawa za mitishamba kama anazitumia. Semeni, kwa sababu nyingine zinagombana na dawa za hospitali. Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa inavumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, lakini buti la basi linalopita Ruaha Mbuyuni saa 7 mchana si chumba cha kawaida. Ibebwe ndani. Zile za akiba ziwekwe kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana: chini barafu, katikati kitambaa kizito, juu chupa za dawa. Zisigusane na barafu, maana insulini ikishaganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka unaiona ni ileile.

Baada ya karatasi, mtu. Hapa ndipo vikao vya ukoo vinaponiudhi. Anachaguliwa asiye na kazi, basi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, hajawahi kufika Chalinze, anakabidhiwa bibi na laki tatu. Mwenye kuuguza anatakiwa awe msikivu, aandike anachoambiwa, na asione haya kumwambia daktari "sijaelewa, rudia". Anatakiwa pia ajue lugha ya mgonjwa. Bibi zetu wengine Kiswahili chao ni cha kanisani na sokoni. Wakiumwa, wanaumwa Kibena. Maumivu ya kuchoma, ya kuvuta na ya kukata yana majina yake huko, na daktari anataka kujua ni yapi. Mgonjwa akiwa mama, aende mwanamke, kwa sababu kuna kuogesha na kubadilisha nguo. Kama haiwezekani kumtuma mtu mzima, basi awepo mtu mzima mmoja ambaye simu yake haizimwi, na kikao kiwe kimekubaliana kabisa kwamba huyo ndiye atakayeulizwa jambo kubwa likitokea. Nimeshuhudia shauri la upasuaji likizunguka kwa wajomba wanne kwa simu, mmoja yuko shambani hapashiki mtandao.

Kama kuna dalili ya upasuaji, tafuteni na watu wa damu. Damu haiuzwi, lakini ndugu huombwa wachangie ili benki ya damu isikauke. Wapigieni vijana wa ukoo walioko Dar kabla hamjaondoka, muwe na majina. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Aliyechangia mwezi uliopita kazini kwao msimhesabu.

Sasa basi lenyewe. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti hapandishwi basi. Zungumzeni na hospitali kuhusu gari la wagonjwa. Anayeweza kukaa, akatiwe kiti cha mbele, si juu ya tairi, si nyuma, kwa sababu nyuma kila tuta linamrusha na kidonda chake. Mwambieni kondakta mapema, kwa upole, kwamba mna mgonjwa na mtahitaji kuchimba dawa zaidi ya wengine. Makondakta wengi ni waungwana wakiambiwa Makambako. Wakiambiwa katikati ya Mikumi, ambapo abiria hawaruhusiwi kushuka kwa sababu ya wanyama, hakuna la kufanya. Hivyo hata anayejiweza avae pampasi ya watu wazima kwa siku hiyo. Mzee atakataa, mtabembelezana, atavaa. Mwenye mpira wa mkojo mfuko wake umwagwe kabla ya kupanda.

Bebeni chakula chake na maji ya kutosha, na dawa za siku moja zaidi ya zinazohitajika. Sababu ni mlima Kitonga. Lori moja likiharibika kwenye zile kona, magari yanapanga mstari juu na chini, na hapo ratiba yenu ya kufika jioni inakuwa ya kufika usiku. Chipsi mayai za njiani mgonjwa wa tumbo hazimfai, na wa presha chumvi yake haipimiki. Uji mzito kwenye chupa ya chai, ndizi za kuiva, mikate ya kumimina. Hivyo vinafika salama.

Nguo sasa, kwa kifupi. Sisi tunaondoka na makoti na mizula, tunashuka kwenye joto linalobandika shati mgongoni, kwa hiyo nguo nyepesi za kubadili ziwe juu kabisa ya begi. Mgonjwa apate za kufunguka mbele, kwa ajili ya kupimwa na kufungwa vidonda. Doti mbili za khanga ni lazima, hata mgonjwa akiwa mwanamume: shuka, taulo, pazia, mto ukiikunja, ya kumfunika wakati wa kubadilishwa. Ndala, mswaki, sabuni, kikombe, kijiko. Beseni, ndoo na chupa ya chai ya ziada msibebe, Kariakoo iko jirani na bei ni nafuu. Chaja ya simu iwe na waya mrefu, maana soketi ya wodini haiko karibu na kitanda unachokitaka.

Suala ninaloona halizungumzwi ni mwenyeji. Kikaoni mtu anasema "tuna shangazi Dar", na wote wanaridhika. Dar ipi? Kutoka Chanika hadi Upanga ni safari nyingine kabisa, na kutoka Mbagala asubuhi si mchezo. Kwa anayelazwa, tabu hiyo ni ya muuguzaji peke yake. Lakini anayekwenda kupigwa mionzi Ocean Road mara nyingi halazwi. Anakwenda Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kwenye mashine, wiki baada ya wiki. Mtu huyo, anayetapika na kuishiwa nguvu, mtampandishaje daladala mbili kwenda na mbili kurudi? Pigeni hesabu ya bajaji na ya gari la kukodi kwa mwezi, mlinganishe na gesti ya karibu mkipatana bei ya wiki. Kitanda cha bure cha Chanika kinaweza kuwa ndicho cha gharama. Na masika mvua ikijaza maji Jangwani, barabara ikafungwa, anayelala ng'ambo ya Magomeni anakosa kliniki.

Mkiamua kufikia kwa shangazi, mwambieni ukweli: ugonjwa ni upi, mtakaa muda gani, mgonjwa anahitaji choo cha kukaa au la. Msimwambie wiki moja mkijua ni mwezi. Yeye hatawapa jembe siku ya tatu kama mithali inavyotaka, ila ana watoto, ana kodi ya nyumba, na maji ananunua kwa ndoo. Gunia la viazi, debe la maharage na unga wa kwetu ni mizigo ya maana kuliko sanduku la pili la nguo. Kila wiki familia imtumie chochote cha mboga bila kusubiri aombe.

Pesa zisisafiri zote. Anayeuguza awe na za siku chache, mhasibu abaki nyumbani na atume kadiri risiti zinavyokuja. Laini ya simu inayopokea fedha iwe imesajiliwa kwa jina la yule anayesafiri. Mkitumia ya mtu mwingine, ikifungwa au ikipotea mko mjini mikono mitupu. Kabla ya kuondoka ulizeni pia bima inalipia nini na kipi ni cha mfukoni, ofisi ya bima ya mkoani inajibu maswali hayo vizuri kuliko jirani.

Na nyumbani kuna ng'ombe. Mgonjwa wetu wa mwisho alikuwa hali vizuri wodini, dawa tumebadilisha, chakula tumebadilisha, kumbe anawaza nani anakamua. Tangu hapo kabla ya safari tunamtajia kwa majina: fulani atakamua, fulani atapalilia, mtoto atalala kwa mama mdogo, ada imelipwa. Tunasema mbele yake na mbele ya hao waliotajwa.

Siku ya kuruhusiwa msikimbilie stendi. Ombeni muhtasari wa matibabu ulioandikwa, muulize kama kliniki zinazofuata zinaweza kufanyika hospitali ya kanda Mbeya au hapa mkoani, kwa sababu vitu vingine haviwahitaji kurudi Dar na hakuna atakayewaambia msipouliza. Dawa za mwezi zinunuliwe hukohuko kama daktari anasema mikoani ni adimu. Tarehe ya kurudi ipigwe picha, itumwe kwa mhasibu, aanze kukusanya.