Mark X: raha ya ndani na utulivu barabarani

Mkuu umeuliza kama hii gari ya Toyota, Mark X, ni raha kweli au ni sifa za vijana tu. Ni raha, ila ya dereva na wa pembeni yake. Nyuma wakae wawili, maana gari inasukuma kwa nyuma kwahiyo shafti ya kupeleka nguvu tairi za nyuma inapita katikati na imeacha tuta sakafuni, wa tatu anakaa kapanua miguu njia nzima mpaka Moro. Barabarani sasa, ile GRX130 (kodi ya Mark X toleo la pili) yenye injini ya V6, yaani silinda sita, 2500cc imetulia bwana, ukiovateki lori pale Chalinze haiyumbi na usukani unaufeel vizuri, Toyota Premio haiingii hapo. Shida ni vumbi na mashimo ya mitaani, iko chini na hizi rimu kubwa zenye taili nyembamba wanazofunga watu ndo zinakupelekea kila shimo mgongoni. Ukienda kuitest zima redio, funga vioo, pita rafu rodi polepole usikilize mbele, ikigonga ko ko ko hiyo bushi au boljointi, vipuri vya miguu ya mbele vimechoka, shusha bei hapo hapo. Mafuta usiulize, V6 hiyo 😂